Karatasi ya Pili ya Wambura

Wambura hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alizaliwa hapa Kibugu, huku juu karibu na msitu, wakati ambapo msichana alisifiwa kwa mzigo wa kuni. Lakini mpe kikapu cha majani chai atakuambia uzito wake kwa mkono, na mimi niliyekuwa karani wa mizani miaka ishirini na sita sikumbuki siku aliyokosea kwa zaidi ya nusu kilo. Naandika habari zake kwa sababu yeye hawezi kuandika, na kwa sababu yaliyompata yanaweza kukupata wewe pia, hasa kama shamba unaloishi bado liko katika jina la marehemu.

Aliolewa Mbeere, kule chini kwenye joto, na mume aliyempiga mpaka mkono ukavunjika. Mwaka wa sabini na tisa alirudi kwa baba yake, Mzee Ngari, akiwa na nguo alizovaa tu. Siku hizi binti akirudi nyumbani, ndugu zake huuliza ataondoka lini. Mzee Ngari alirudisha mbuzi wa mahari, akamjengea bintiye nyumba, na mwaka wa njaa, themanini na nne, akatuita watu watano kwenye kilele cha shamba lake la ekari nne. Akapima ekari moja kwa kamba ya katani, mimi nikishika ncha moja, na kila hatua kumi akapanda itoka.

Matoka ni maua ya mpaka. Tunguu la itoka hukaa chini na halifi kwa jua. Katika siku hizo hakuna mtu wa Embu aliyethubutu kung'oa itoka lililopandwa mbele ya mashahidi. Aliyeng'oa hakualikwa tena penye mbuzi, na wanawe walikosa wachumba. Mzee Ngari alipanda tisa, kisha akamwambia mwanawe Nyamu, kaka yake Wambura, "Hapa ni pa dada yako. Ukivuka, umenivuka mimi."

Nyamu hakuvuka mpaka akafa. Watu wa namna ile wamekwisha.

Wambura alipanda chai kwenye ekari hiyo. Mke wa Nyamu alipougua kifua na kulazwa karibu mwaka mzima, Wambura ndiye aliyemlea mtoto wao wa pekee, Muchangi. Alichuma chai akiwa na kikapu mgongoni na mtoto kifuani. Nilimpimia majani hivyo hivyo, na mara nyingi nilimwambia mtoto aondoe mguu kwenye mizani. Muchangi huyo alisoma, akapata kazi ya ofisi mjini Embu, na kila Krismasi alimletea shangazi yake blanketi.

Mzee Ngari alifariki mwaka wa themanini na saba. Hakuna aliyekwenda mahakamani kufungua mirathi. Nani angeenda, na kwa nini? Matoka yalikuwapo, mashahidi tulikuwapo. Hati ilikaa kwenye sanduku la bati, na katika daftari la serikali shamba lilibaki moja, ekari nne, la Ngari. Sheria haikuwa na habari ya kamba wala maua. Ilijua kwamba Ngari aliacha watoto wawili. Na kwa kuwa alikufa baada ya sheria ya mirathi kuanza kutumika mwaka wa themanini na moja, bila kuacha wosia wala mjane, watoto hao walikuwa sawa mbele yake, awe wa kiume au wa kike, aliyeolewa au aliyerudi. Ekari mbili zilikuwa za Wambura. Hakuzijua, na hata angezijua asingezitaka. Alitaka moja, ile aliyopewa.

Miaka miwili iliyopita watu wa mlingoti wa simu walikuja wakapenda kilele. Wakamwambia Muchangi hawawezi kuandikiana na marehemu, shamba kwanza liwe na mwenyewe aliye hai. Ndipo Muchangi akaja na karatasi, na Wambura akamleta kwangu.

"Karani, vaa yale macho yako ya pili," alisema Wambura.

"Tata, kwani unaogopa nitakuuza?" Muchangi alicheka. Sisi hapa shangazi tunamwita tata.

"Nilikubeba hapa kifuani ukinikojolea kila siku. Kama ni kuogopa ningeanza wakati huo."

Nilisoma mstari kwa mstari, nikitafsiri kwa Kiembu. Karatasi ilisema Wambura anakubali Muchangi awe msimamizi wa mali ya marehemu Ngari. Nikamweleza, na hapo sikukosea, kwamba msimamizi ni mtumishi. Anakusanya mali ya marehemu, analipa madeni yake, kisha anawagawia wenye haki. Kuwa msimamizi hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali. Wambura akatia kidole.

Yaliyofuata yalifuata njia. Barua ya chifu iliwataja wote wawili, Wambura na Muchangi aliyesimama mahali pa marehemu baba yake. Tangazo likatoka katika gazeti rasmi la serikali, ambalo Kibugu hatulioni, likampa kila mwenye pingamizi siku thelathini. Hakuna aliyepinga kwa kuwa hapakuwa na la kupinga. Mahakama ikampa Muchangi usimamizi.

Lakini msimamizi hawezi kugawa ardhi kwa karatasi hiyo. Hungoja miezi sita kwa kawaida, kisha hurudi mahakamani kuthibitishiwa, na safari hii hupeleka orodha ya nani achukue nini. Warithi hufika mbele ya hakimu, au huwa wametia sahihi kwamba wamekubali mgawo huo. Hiyo ndiyo karatasi ya pili, na ndiyo inayokula shamba. Mimi sikujua kwamba ipo. Kiingereza changu nilikiokota kwenye magazeti yaliyofungia nyama, na hakuna gazeti lililowahi kunifundisha jambo hilo.

Siku moja nilikuwa nakamua ng'ombe, simu nimeibana kwa bega.

"Karani, Muchangi yuko hapa kituo cha chai," alisema Wambura. "Anasema ile karatasi ya mahakama ililowa mvua. Nitie kidole upya."

"Ina mhuri wa wakili?"

"Ina mhuri."

"Tia. Hiyo nilishaisoma."

"Una uhakika? Nikuletee uione?"

"Wambura, mimi nilisoma mpaka nukta. Tia kidole, watu wanangoja mizani."

Akatia, karatasi ikiwa juu ya gunia la majani.

Miezi mitano baadaye aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilikuta vijana wenye majembe wameng'oa matoka yote tisa na mistari minne ya chai, wakichimba shimo la msingi wa mlingoti. Muchangi alisimama kando na viatu vya mjini.

"Muchangi, umevuka mpaka wa babu yako," nilimwambia.

"Guka, mpaka uko kwenye ramani. Hayo ni maua tu." Guka ni babu; ndivyo vijana wanavyoniita.

"Na shangazi yako?"

"Nani amemfukuza? Si yuko kwa nyumba? Atakaa tu, mimi si mnyama."

Nilikwenda ofisi ya ardhi mjini nikaomba upekuzi wa daftari lao, jambo ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kuomba, na laiti tungeliomba mapema. Shamba lote lilikuwa na jina moja, Muchangi. Tukatafuta wakili, binti mmoja mtulivu aitwaye Kawira, akapata faili ya mahakama. Karatasi ya pili ilisema Wambura, kwa hiari yake na baada ya kuelezwa, ameacha haki yake yote kwa mwana wa kaka yake. Chini yake palikuwa na kidole chake.

Kawira alituwekea mambo wazi. Usimamizi au mgawo uliopatikana kwa uongo, au kwa kuficha jambo kubwa, mahakama inaweza kuubatilisha wakati wowote. Wakati kesi inaendelea, ofisi ya ardhi huwekewa zuio ili shamba lisiuzwe wala kukodishwa. "Lakini lazima tuonyeshe huo uongo," alisema. "Je, hiki kidole ni chake?"

Akatoka kupokea simu. Nikamsogelea Wambura pale kwenye benchi. Nasema jambo hili kwa aibu, mimi ninayelaumu vijana kwa kila kitu.

"Sema si chako," nilimnong'oneza. "Kidole kwenye karatasi kimefifia. Nani atabisha?"

Wambura akatikisa kichwa. "Kidole ni changu. Nikikikana hiki, na kile cha kwanza nacho nitakikana? Na baba yangu nitamwambia nini?"

"Basi itabidi niseme mimi ndiye niliyekuambia utie bila kuona."

"Si ni kweli?"

Kwa hiyo nilisimama mahakamani, mzee mzima, nikala kiapo. Wakili wa Muchangi alikuwa na haraka ya mtu anayeona ushindi.

"Mzee, unajua kusoma Kiingereza?"

"Najua."

"Na mama huyu alikuuliza kuhusu karatasi hiyo kabla ya kutia kidole?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia atie."

"Kwa hiyo alipata ushauri wa mtu aliyesoma."

Watu wakacheka nyuma yangu. Wengine nilikuwa nimewasomea barua za wana wao miaka yote. Nikamwambia hakimu kwamba karatasi niliyoisoma ilikuwa nyingine, na kwamba mama huyu aliambiwa ni ile ile iliyolowa. Hakimu akafungua faili, akaitoa karatasi ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa kavu na safi, haina hata doa.

"Iliyolowa ni ipi?" alimuuliza Muchangi.

Muchangi akasema labda shangazi hakumsikia vizuri, kituoni kulikuwa na kelele. Hakimu akamuuliza kwa nini karatasi ya kukata haki ya mama wa miaka sabini na minne ilitiwa kidole juu ya gunia la chai, na siku ya kuthibitisha hakumleta mahakamani. Muchangi akageuka kumtazama wakili wake.

Mgawo ule ulifutwa na hati ikabatilishwa. Shamba likarudi katika jina la Ngari ili ligawanywe upya. Hakimu akamwambia Wambura kwamba kisheria nusu ni yake.

"Nataka moja," alisema Wambura. "Ile ya matoka."

"Mama, umeelewa kwamba ni mbili?"

"Nimeelewa. Nataka moja."

Mpimaji alikuja na chombo chake cha miguu mitatu. Tukamwonyesha mahali matoka yalipokuwa, mawili yakiwa yamechipuka tena kando ya shimo la mlingoti. Alisema mstari huo umepinda, akanyoosha wa kwake, akapigilia nguzo za saruji. Ekari ni kamili, lakini mti wa muringa ambao Mzee Ngari alitundikia mizinga yake umebaki upande wa Muchangi.

Muchangi alisimama ng'ambo ya nguzo. "Tata, si ungeniambia tu kwamba unataka kipande chako? Ulikuwa na haja ya kunipeleka kortini watu wanione?"

Wambura alikuwa akifukia shimo la mlingoti kwa jembe. "Nilikuambia ulipokuwa na miaka mitano," alisema. "Nilikushika mkono tukayahesabu yote tisa. Wewe ndiye uliyehesabu."

Krismasi hiyo blanketi halikuja.

Nilimpelekea matunguu saba ya matoka kutoka ua wangu, yaongezwe kwenye yale mawili. Aliyapokea, akashukuru, akayaweka kwenye gunia nyuma ya nyumba. Kati ya watu watano tuliokuwa pale mwaka wa themanini na nne tumebaki wawili, mimi na yeye, na kamba haishikwi na aliyepewa ardhi pamoja na karani aliyemponza. Sikumuuliza lini atayapanda.

Mwezi uliopita barua ilifika kutoka ofisi ya ardhi kuhusu hati yake mpya. Niliambiwa na mwenye duka la posta. Nikatoa kiti nje, nikafuta miwani, nikangoja, kwa kuwa miaka arobaini hakuna karatasi ya Wambura iliyofunguliwa na mtu mwingine. Alitokea kwenye kona na bahasha mkononi, amevaa nguo zake za kanisani. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za ng'ombe. Kisha akaendelea kuteremka kuelekea barabarani, kwenda Embu kwa Kawira, akasomewe.