Tarishi Kwenye Mafungo ya Kimya

Nilipomwambia mume wangu kwamba tumealikwa kwenye mafungo ya familia, aliweka kikombe cha chai mezani akauliza, "Nani anafungwa?"

Mume wangu ni mwanajeshi mstaafu. Neno lolote lenye kufunga ndani yake, kwake lina mlango wa chuma na askari nje. Nikamweleza kwamba mafungo ni siku za watu kujitenga na kutulia, kama Wakatoliki wenzake wanavyofanya kabla ya Pasaka, ila haya ni ya Wabudha, kwenye kituo chao pale Mbuya, hapa Kampala.

"Kuna nyama?"

"Hakuna."

"Kuna kuongea?"

"Hakuna pia. Ni kimya, Jumamosi na Jumapili."

Akachukua tena kikombe chake. "Mimi naenda," akasema.

Lazima nieleze kwa nini. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ni fundi cherehani. Baba yake alimsomesha uhasibu, akafanya kazi ofisini mwaka mmoja, akaona anakauka, akaacha na kufungua duka la ushonaji Namuwongo. Siku ya kulifungua baba yake alikwenda, akazitazama zile cherehani mbili, halafu akasema mbele ya wateja na majirani: "Mimi nilisomesha mtu bure." Kwa lugha ya kambini, mtu bure ni mtu asiyefaa kwa lolote. Binti yangu hakulia. Aliendelea kupima kiuno cha mteja aliyekuwa mbele yake. Toka siku hiyo, kwa miezi mitano, hawakusemezana.

Kupitia kwangu, lakini, walisemezana kutwa. "Mwambie mtoto wako bomba ya jikoni imepasuka, yeye ndiye anajua fundi." "Mwambie Baba fundi anakuja Alhamisi, na asimfokee." Mimi nimekulia Nakuru, nauza ndoo na mabeseni Kawempe, na kuongea ndiyo kazi yangu, kwa hiyo utarishi ule niliuweza vizuri. Nitasema kweli, niliupenda. Nani hapendi kuhitajika? Hapa natia chumvi kidogo, pale napunguza pilipili, mradi kila mmoja anapata sahani inayolika. Nilijiona mpishi hodari kabisa.

Kisha likaja jambo lisilo na mchezo. Binti akapata mchumba, kijana wa Kiganda, na ukoo wa kijana ukataka kuja kwa kwanjula, ile siku ambapo upande wa mwanamume unakwenda na zawadi zake kujitambulisha na kumwomba binti. Wageni wa kwanjula huenda kwa baba wa binti. Binti yangu akaniambia, huku anakata kitambaa na mkasi hausimami, kwamba watakwenda kwa baba yake mdogo. Si kwetu. Na zilibaki wiki tatu tu.

Huo ujumbe nilishindwa kuubeba. Nilikaa nao siku nne. Baba ambaye binti yake anaombwa kwenye nyumba ya mdogo wake, huku yeye yupo hai na ana viti vyake sebuleni, atauweka wapi uso wake mbele ya ukoo? Nilimwogopea. Nilijua hatagomba. Atavaa koti lake, atakaa nyumbani siku nzima, na hatakuja kuinuka tena.

Ndipo ukaja mwaliko. Kituo kilikuwa kimemwagiza binti yangu ashone mito arobaini ya kukalia, na mtawa wa pale akaipenda kazi, akamwambia aje na watu wake. Binti akakubali kwa sababu ile ile ya baba yake: kama hakuna kuongea, basi hakuna shida. Mwenye shida nilikuwa mimi. Nilimwomba Mungu anisamehe kwa kwenda kwa Wabudha, na nikamwomba pia anisaidie kunyamaza, na hilo la pili ndilo lililokuwa ombi zito.

Jumamosi asubuhi tulivua viatu mlangoni. Mtawa alikuwa Mganda mwembamba, kichwa kimenyolewa, amejifunga shuka la hudhurungi, na Kiswahili chake kilikuwa na zile r na l za Kampala zinazobadilishana mahali bila kuomba ruhusa.

"Kalibuni sana," alisema. "Hapa tunajifunza kusikiriza. Saa saba tutakura, kimya kimya."

Mume wangu akaniinamia. "Tutapiga kura?"

"Tutakula!"

"Ah." Alionekana kupoa. "Basi sawa."

Kengele ikalia na midomo ikafungwa. Tulikuwa familia sita, watu wazima na vitoto, tumekaa juu ya mito ya binti yangu. Mume wangu alikaa mgongo wima, mikono magotini, na kwa nusu saa nzima hakutikisika, hata nzi alipotua juu ya pua yake. Mtawa akawaonyesha wengine kwa kidole: hivyo, kama mzee yule. Upande wa pili wa chumba binti yangu naye alikuwa wima vile vile, kidevu kile kile juu. Jamani, walivyofanana! Miezi mitano ya mazoezi, na leo wanasifiwa.

Mimi miguu ilikufa ganzi dakika ya tatu. Nikakohoa. Nikakumbuka kwamba sikumwambia msaidizi wangu wa dukani aingize mabeseni ndani mvua ikinyesha. Mbele yangu alikaa mama mmoja ambaye mkono wa kushoto wa blauzi yake ulikuwa umeshonwa kinyume, ndani nje, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Niliteseka, nasema kweli. Mtawa anasema tuangalie pumzi inaingia na kutoka. Yangu ilikuwa inaingia na kutoka ikiwa na maneno ndani yake.

Baadaye tulitembea bustanini, hatua moja moja, mtu ajue mguu wake unakanyaga wapi. Wengine walitembea kama walevi. Mume wangu alitembea kama mtu aliyewahi kupita penye mabomu yaliyofukiwa, na kweli amewahi. Mtawa alisimama akamtazama kwa heshima kubwa. Bambi, maskini, hakujua mzee alijifunzia wapi.

Mezani walituwekea matoke, maharage na mchicha. Mume wangu aliinua majani upande huu, akayainua upande ule, akitafuta nyama iliyojificha. Binti alikaa mkabala naye. Nikauona mdomo wake unacheza. Kwa kawaida hapo ndipo mimi huingia: "Umemwona baba yako?" Nikafungua kinywa, nikakumbuka, nikakifunga. Mume wangu akainua macho, akamkuta binti anamtazama, na wakatazamana wao wenyewe kwa muda wa kumeza tonge. Kisha kila mmoja akarudi kwenye sahani yake. Nilipaswa kufurahi. Nilichohisi ni wivu, na niliona haya kuwa nao.

Jumapili, bila kutuonya, waliweka warsha, na warsha ina kuongea. Kila familia ilipewa mkeka wake. Mtawa akatueleza namna: mmoja anasema, wa pili anarudia alichosikia. "Usiongeze, usipunguze," alisema. "Ukimariza kuludia, unauriza: nimekusikia sawasawa?" Mtu wa tatu ni shahidi. Shahidi anafunga mdomo hadi aulizwe.

Akanielekeza mimi. Shahidi.

Mume wangu alielewa mchezo kabla haujaisha kuelezwa. Jeshini mtu akipewa amri huirudia yote, neno kwa neno, kwa lugha ya kambini, ndipo anaondoka. Alijiweka sawa kwenye mto na kumgeukia binti yake. Binti alitazama mkeka.

"Baba," akaanza, na sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Siku ile dukani kwangu uliniita mtu bure. Mbele ya wateja."

"Wewe nasema siku ile mimi nilikuita mtu bure. Mbele ya wateja. Nimekusikia sawasawa?"

"Ndiyo. Na nimengoja miezi mitano uniambie neno moja tu, kwamba ulinikosea. Hukuniambia."

"Wewe nasema nimengoja miezi tano, neno moja tu, mimi nilikukosa. Mimi sikusema." Uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyepewa amri ambayo ameshaitekeleza. "Lakini hiyo maneno mimi nilituma."

"Ulituma?"

"Wiki ile ile. Nilimwambia mama yako: mwambie mimi nilimkosa."

Binti aliinua macho kutoka kwenye mkeka. Kisha akasema polepole, "Mama aliniambia ulinikosa. Kwamba ulikuja dukani, hukunikuta."

"Mimi sikuja. Mimi ningekuja na uso gani?"

Vichwa viwili vikanigeukia kwa pamoja.

Asubuhi ile mume wangu aliponituma naikumbuka vizuri. Alikuwa anapaka viatu rangi, hakuniangalia. "Mwambie mimi nilimkosa." Kiswahili cha mume wangu ni cha kambini, anakata maneno vichwa na mikia kama anapunguza mzigo. Nilimkosea humtoka nilimkosa. Miaka ishirini na sita naishi na Kiswahili hicho, nakitafsiria wauza nyama na walimu wa shule, na siku hiyo moja nikajifanya mgeni. Nilikwenda Namuwongo nikamwambia binti, baba yako alipita hapa akakukosa. Akashangaa: "Alinikosa wapi, na mimi niko hapa toka asubuhi?" Nikamjibu labda ulikuwa umekwenda chooni. Chooni! Nilisikia kosa, nikapeleka kukosa, na nikarudi zangu Kawempe kuuza ndoo.

Nilitaka kusema kitu. Mtawa alikuwa kwenye mkeka wa jirani na mimi nilikuwa shahidi.

Binti alimgeukia tena baba yake. "Sasa Baba, ulinikosa au ulinikosea?"

Mume wangu alifikiri. Anapofikiri kwa kweli hukuna kidevu. "Hiyo mbili ni tofauti?"

"Ni tofauti."

"Basi andika zote mbili."

Binti akacheka, na machozi yakamtoka huku anacheka, na akayafuta kwa pindo la fulana yake. "Unasema niandike zote mbili," akarudia, maana kanuni ni kanuni. "Nimekusikia sawasawa?"

"Sawasawa."

"Baba, wageni wa kwanjula wanakuja baada ya wiki mbili. Niliwapa nyumba ya baba mdogo."

Ndiyo habari ile niliyoshindwa kumpelekea mume wangu, na sasa imemfika ikiwa nzima, haina chumvi wala nini. Alirudia kila neno. Lile la nyumba ya baba mdogo alilisema kwa shida, lakini alilisema. Akauliza kama amesikia sawasawa.

"Umesikia sawasawa. Sasa nataka waje kwako."

"Wewe nasema nataka waje kwangu." Akahesabu siku kwa vidole. "Waje. Mimi nitapaka nyumba rangi. Na hiyo kanzu ya kwanjula mimi nitavaa, ila wewe mwenyewe ushone. Ya dukani inanibana hapa." Akajigusa kwapani.

Binti akakwapua futi yake mkobani pale pale, akaanza kumpima mabega. Na yeye, mtu ambaye hajawahi kumruhusu fundi yeyote amguse, akainua mikono yote miwili.

Ndipo mtawa alipofika kwenye mkeka wetu na kuchuchumaa kando yangu. "Shahidi ana neno?"

Siku mbili nzima nilikuwa nimeililia nafasi hiyo. Nilikuwa na maneno juu ya blauzi ya yule mama, juu ya mchicha, juu ya r za mtawa mwenyewe. Yote yalinikimbia.

"Nilijua," nikasema. "Nilijua alimaanisha nini. Baba yangu mimi hakuwahi kuniomba radhi, na nilimpenda hivyo hivyo. Niliogopa baba akimwinamia mtoto, ataonekana mdogo."

Binti alishusha futi. Hakuwa anacheka tena. Mtawa alimtazama, akangoja.

"Mama, unasema ulijua alimaanisha nini. Unasema babu hakuwahi kukuomba radhi, na ulimpenda hivyo hivyo." Akaikunja futi kiganjani. "Na kwa hiyo miezi mitano mimi nalala pale Namuwongo nikidhani baba yangu—"

"Usiongeze," mtawa akamwambia, pole pole.

Mume wangu alikuwa ananitazama, bila hasira, na ningependa hasira kuliko vile alivyonitazama.

"Unasema uliogopa Baba ataonekana mdogo," binti akamaliza. "Nimekusikia sawasawa?"

Maelezo yalikuwa yameanza kurudi, mazuri, yenye chumvi ya kutosha, yamejipanga mdomoni. Niliyaacha hapo hapo.

"Ndiyo," nikasema. "Umenisikia."