Dume la Bawshar

Tulipotoka Unguja mwaka wa sitini na nne, alotupokea Maskati ni shangazi yangu, dada yake baba, ambaye hajapata kutoka Omani wala hajui Kiswahili. Mama naye, Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Mkalimani nlikuwa mimi, msichana wa miaka kumi na saba.

Shangazi alikuwa na ng'ombe mmoja mweusi, mfupi, nundu yake kama kikombe kilichofudikizwa. Alimlisha kokwa za tende na dagaa wakavu kutoka pwani ya Qantab. Mama alionja chai ya maziwa yake mara moja, akaitema. "Samaki!"

Siku moja jirani akajitolea kumpandisha kwa dume lake kubwa, lililokuja na meli kutoka Bara Hindi. Shangazi akakataa. Ng'ombe wa asili ya kwao wanamalizika, alisema, kila mtu anawachanganya na wageni. Dume safi alilolijua limebaki moja, kijiji cha Bawshar.

"Mwambie wifi yangu," mama akaniambia, "hichi kibuzi, si ng'ombe. Achukue dume la jirani tupate maziwa ya maana."

Nliona haya. Nkamfasiria shangazi: "Mama anasema ng'ombe wako hana mfano."

Shangazi akamkumbatia mama. "Basi kesho twende na mama yako Bawshar, tukaliazime lile dume!"

Tulikwenda kwa punda tangu alfajiri, mama akinifinya kila punda akijikwaa. Mwenye dume akakubali kutuazima. Lilinifika kiunoni. Tukirudi, nusu ya njia likalala, likagoma. Shangazi akalibembeleza, akalilisha tende, wapi! Mama, jua limeshamchoma, akashuka akalisimamia usoni.

"We! Nimeacha nyumba yangu, nimeacha mikarafuu yangu, nimevuka bahari nzima, nije kugombana na wewe? Inuka!"

Likainuka. Likamfuata, pua kwenye buibui lake, mpaka nyumbani. Mie tangu tushuke melini nlikuwa sijamsikia akiitaja nyumba yetu.

"Kasema nini?" shangazi akauliza.

"Kaliombea dua."

Ndama akazaliwa jike, mweusi tii. Wanawake wa mtaani wakaanza kuleta ng'ombe zao kwa lile dume, mwenyewe keshatuachia, na mama akakaa mlangoni kuwahoji kama kwenye posa: mama yake nani, bibi yake katoka wapi? Nlifasiri neno kwa neno, shangazi akitikisa kichwa kukubali. Mmoja alokataliwa hakutusalimu mpaka Idi.