Nyongeza Aliyoniwekea Kaka

Watu wa Tunduma ukituambia tukutane saa nne, tutakuuliza, "Ya huku au ya kule?" Kule ni Zambia, ng'ambo tu ya mpaka, na wao wako nyuma yetu kwa saa nzima. Simu yangu ikiwa chumbani inasoma saa ya Tanzania, ikifika sebuleni inakamata mnara wa kule na kujirudisha nyuma. Sikuiamini kamwe. Niliyoiamini ni saa ya kompyuta yangu ya mezani, maana yenyewe haivuki mpaka.

Asubuhi hiyo nilikuwa na mtihani wa kazi. Mradi mmoja wa wakulima wa kahawa huko Mbozi ulitafuta mchambuzi wa takwimu, wakanitumia faili nililotakiwa kulirudisha kabla ya saa sita mchana. Miaka mitatu cheti changu kilikuwa kimelala kwenye bahasha, mimi nauza vitenge dukani kwa dada yangu. Kazi hii niliitaka kwa moyo wote.

Kufungua faili, maelekezo yanasema tumia nyongeza ya uchambuzi, kile kiprogramu kinachobandikwa ndani ya Excel. Excel yangu haikuwa nayo. Nikampigia rafiki yangu wa chuo, mtu wa Iyula huko huko Mbozi, aliyeniita dada na kula kwangu bila kukaribishwa. Akaja na flashi. Nikampa chai na magimbi, akawa anakula huku anabofya.

"Inakataa, dada. Saa ya mashine haiendani na mtandao. Ngoja niiweke sawa."

"Weka tu, kaka."

Mimi ninayewauliza hata wauza nyanya saa zao ni za wapi, yeye sikumuuliza. Nyongeza ikaingia. Akakaa pembeni yangu mpaka nikamaliza maswali yote.

"Nikutunzie nakala kwenye flashi, umeme wa huku unaujua," akasema. Kisha akanishika bega. "Usitume haraka. Muda unao, ipitie tena taratibu."

Nikaipitia taratibu, mjinga mimi. Nilipotuma, kona ya kioo ilisoma 11:55. Jibu likaja hapo hapo: faili limepokelewa saa saba kasoro dakika tano, muda ulishakwisha, asante kwa kushiriki. Nilidhani wamekosea, nikataka kuwaandikia maneno makali. Kabla sijaandika nikafungua mipangilio ya saa. Palipokuwa pameandikwa Nairobi tangu niinunue mashine, sasa pameandikwa Harare, saa zile zile za kule Zambia.

Nikamtetea. Nikajiambia kajisahau, laini yake ya simu ni ya kule, bando zao rahisi. Nilimtetea wiki nzima, hadi aliponipigia kunijulisha kwamba amepata kazi. Kazi ile ile.

"Na mimi niliomba, dada. Sikutaka tu kukuchanganya."

Nikampa hongera. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mdudu huyo utamchemshia chai mwenyewe. Hata hivyo bado nilikuwa najibishana na nafsi yangu. Huenda alifanya mtihani wake vizuri kuliko mimi. Huenda Harare ni bahati mbaya.

Wiki mbili baadaye akapiga tena, sauti ya chini, kama mtu aliyejificha chooni.

"Dada, bosi anataka nimwonyeshe lile jibu la swali la nne. Tulilipataje?"

Tulilipataje. Nilisimama na simu sikioni. Jibu la nne nililipata peke yangu, yeye akiwa anamenya gimbi, kabla halijaingia kwenye flashi yake.

Ningeweza kukata simu. Ningeweza kumtukana kwa Kinyiha, lugha yetu sote wawili, na matusi ya Kinyiha yanashibisha. Badala yake nikavuta kiti na kumwelekeza, safu kwa safu, bofya hapa, chagua pale, mpaka jibu likatoka na nikamsikia akishusha pumzi.

"Mungu akubariki, dada yangu."

Nikaitikia amina. Kisha nikaweka simu chini, nikalia.