Droni yetu ilipopita juu ya mashimo ya Musonoi

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo. Haya niliyaona kwa macho yangu. Atakayebisha abishe, ila asome kwanza mpaka chini.

Tulikuwa wanafunzi watatu: Mwadi, Ilunga na mimi. Chuo kilitupa kazi ya kuunda droni ya panga nne, tuirushe wenyewe na tulete picha zenye maana. Vifaa vingine tulivitoa kwenye droni mbovu, vingine tulilehemu mpaka vidole vikaungua.

Siku ya kwanza ilijipindua uwanjani ikalala chali kama mende. Ilunga akamlaumu Mwadi, Mwadi akalaumu upepo. Kumbe panga mbili tulizifunga kinyume. Mbili zinatakiwa kuzunguka kulia, mbili kushoto. Ukichanganya tu, inakwenda chali.

Tukajifunza polepole. Kupaa ni rahisi wakuu, shughuli iko kwenye kutua. Mwadi ndiye mwenye mkono mtulivu, tukamwachia rimoti.

Kwa picha tulichagua Musonoi, ambako korongo la maji ya mvua linakula nyumba za watu. Tulitaka wenye nyumba wapate cha kuwaonyesha wakubwa. Nia njema kabisa.

Picha za korongo zikatoka safi. Ndipo Ilunga akasema, "Pitisha kule ku mashimo, tuone fasi maji inatokeaka." Mwadi akaipitisha juu ya mashimo ya wachimbaji wadogo wa madini, tuone maji yanakotokea.

Sasa, hapa mjini kila mtoto anajua kwamba mchimbaji akisikia droni, anahesabu kuwa walinzi wa kampuni ya mgodi wako njiani kumfukuza. Sisi tumezaliwa hapa, tulijua. Lakini mlio ule tulikuwa tumeuzoea mezani kwetu, tukasahau wengine wanausikiaje.

Kwenye kioo tukaona watu wanatimua mbio kila upande. Tulicheka. Kweli wakuu, tulicheka.

Mama mmoja muuza maji akatukimbilia. "Mushushe ile kitu! Mutu eko mu shimo!"

Kazi yao iko hivi: mmoja anashuka, mwenzake anabaki juu kushika kamba. Huyu wa juu alikuwa ametoroka, na kamba ikaporomoka ndani. Aliyebaki chini ni baba mtu mzima, wanamwita tata Kalenga. Mvua ya jana yake ilikuwa imelowesha kuta za shimo, na udongo ulikuwa unadondoka.

Mwadi akaishusha droni hovyo, panga moja ikavunjika, hakuna aliyejali. Tulipoinama mdomoni mwa shimo hatukuona kitu. Tukasikia sauti tu, inauliza kama kuna mtu. Sijawahi kuogopa vile.

Ilunga alimfuata yule mshika kamba aliyetoroka mpaka akampata, akamwapia kwamba hakuna mlinzi, ni sisi. Wakarudi na kamba nyingine, tukavuta wote, na yule mama akavuta.

Tata Kalenga alitoka mzima, amejaa tope. Hakututukana. Afadhali angetutukana. Aliomba maji, akanywa, kisha akaigeuzageuza droni mikononi.

"Muliitengeneza mweye benyewe?"

"Ndiyo, tata," Mwadi akajibu.

"Inaonaka mutu mwenye eko mu shimo?"

"Apana, tata."

"Basi mukikuya tena, mupite kwanza na miguu."

Chuo kilizisifu picha zetu sana. Zile za watu wanaokimbia Mwadi alizifuta kabla hatujakabidhi kazi, na mpaka leo sijui kama alifanya vizuri. Labda walimu nao walipaswa kuziona.

Nilichojifunza ni kwamba kujua kurusha ni nusu tu ya kazi. Siku hizi tunatembea kwanza na droni kwapani, watu waishike, waulize maswali yao. Hatuwashi injini mpaka wachimbaji wote wawe wamepanda juu, na anayetoa ruhusa ni mshika kamba. Kuna siku alikataa. Tukarudi nyumbani na betri zetu zimejaa.

Nyinyi mnaorusha huko kwenu, watu wa chini huwa mnawauliza? Semeni ukweli, hata kama mtanikosoa.