Mama Mashuka Ahamishwa

Hospitali ilipofunga chumba chake cha ushonaji, Mama Mashuka alipewa barua ya mistari mitatu: ahamie hospitali kuu, katika mji ambao hakuwahi kuukanyaga, au aache kazi. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na minne tu ilibaki astaafu. Mumewe, mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, alimwambia, "Nenda, mke wangu. Mimi na goti langu tutalinda nyumba." Akapiga moyo konde, akafunga mabegi mawili.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe alipewa siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Mashuka ya wodini, magauni ya wagonjwa, mapazia, yote yalirundikwa kando ya cherehani yenye visirani, iliyokata uzi kila baada ya shibiri. Lile jina alilopewa na wauguzi wa kule lilibaki kulekule. Huku alikuwa Fundi Mpya. Jioni mgongo ulikuwa umekauka kama ubao. Alipanda hadi chumbani kwake, ghorofa ya tatu, akihesabu ngazi kwa sauti, maana asipohesabu miguu iligoma. Hamsini na nne. Kisha aliketi kitandani na viatu vyake, akiitazama ndoo ya maji na kujiuliza kama kuoga ni lazima.

Mumewe alipiga simu kila jioni.

"Habari za huko?"

"Nzuri tu. Chumba kizuri, watu wazuri. Usiwe na wasiwasi, baba."

Watu wazuri gani? Mwezi wa tatu huo, na majirani walikuwa wa "za asubuhi" kisha mlango pwaa. Lakini alijikaza kisabuni.

Jumanne moja homa ikamwangusha. Simu ilizimika, na chaja iliyokuwa mezani ilionekana mbali kama safari ya siku nzima. Akalala hivyo hadi Jumatano mchana, mlango ulipogongwa kwa fujo. Alikuwa mpiga pasi wa kazini, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, ila siku hiyo hakucheka.

"Dada, unataka kutuua kwa presha? Nimezunguka mtaa mzima nauliza fundi wa hospitali, hakuna anayemjua! Mpaka yule bibi wa chini akaniambia, labda ni yule mama anayehesabu ngazi. Eti hafungi mlango wake mpaka akusikie umefika juu. Jana hakukusikia, akakosa usingizi."

Mama Mashuka alitaka kusema asante, machozi yakatangulia. Mpiga pasi hakumbembeleza. Alichomeka simu, akachemsha chai, akamvalisha sweta, akampeleka zahanati akimshika mkono kama bibi harusi.

Waliporudi, simu ilikuwa imepigwa mara kumi na tisa.

"Baba, nilikudanganya," alimwambia mumewe. "Nimechoka. Nimechoka hata kutafuna."

"Najua. Tangu wiki ya kwanza. Maisha yako yote hujawahi kusifia chumba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, ungerudi. Na ungenilaumu mpaka nizikwe."

Jumatatu alirudi kazini. Mpiga pasi alikuwa ameshamsumbua msimamizi mpaka cherehani ikatengenezwa, ingawa rundo la mashuka halikupungua hata kidogo. Mwisho wa mwezi mumewe akaja na fimbo yake, akapumzika kila kona ya ngazi, na siku ya pili alikuwa anawajua wapangaji wote na magonjwa yao.

Jioni hiyo Mama Mashuka alimkuta mlangoni kwa bibi wa chini, wakibishana kuhusu dawa ya magoti. Wakamsogezea kigoda. Akaketi, akaegemeza kichwa ukutani, na kabla hawajamaliza kumsalimia akawa amesinzia. Wao wakashusha sauti, wakaendelea.