Nilifungisha mchezo wa bunduki, nikamtuma mjukuu wangu kwa wenye bunduki

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Ninyi mnaosoma hamnijui, ndiyo maana ninaweza kuwaambia. Wanaonijua hawaniulizi tena.

Mimi ni mzee wa hapa kijijini Kashebere. Nilisoma sekondari, na kwa sababu hiyo wakanifanya mkubwa wa komite ya wazazi shuleni. Mwanangu aliuawa vitani huko Masisi, akaniachia mke wake na mtoto wa kiume. Mtoto huyo nitamwita Bahati. Si jina lake.

Kando ya barabara kulikuwa na kijana aliyechaji simu za watu kwa sola. Akaleta televisheni na michezo ya video. Watoto wakawa wanajaa humo baada ya masomo. Siku moja nilichungulia. Bahati huyo, ameshika kidude cha kubonyeza, anapiga watu risasi kwenye televisheni, damu inaruka, wenzake wanashangilia! Nilimvuta sikio mpaka nje.

"Koko, iko jeu, muchezo tu!" alinililia mimi babu yake. "Pale mutu akikufa, anaamuka."

Baba yake hakuamka. Ningelisikia vizuri neno lile, pengine ningekaa chini nimuulize anaona nini mle ndani. Mimi nilisikia ujeuri tu.

Nilikwenda kwa chifu pamoja na wazazi wengine. Nikasema michezo ile inafundisha watoto kuua, ipigwe marufuku. Nilipigiwa makofi, na chifu akaamuru chumba kifungwe. Yule kijana alipokuwa anafunga mlango wake aliniambia mbele ya watu:

"Papa, munaona bunduki ya televizyo tu? Zile za kule juu hamuzione?"

"Zile zinatulinda," nikamjibu. "Yako njo inatuharibia watoto."

Ee Mungu wangu! Nilisema hivyo kwa kinywa hiki.

Kule juu mlimani walikaa vijana waliojiita walinzi wetu. Kila nyumba iliwapelekea chakula kwa zamu: maharagwe, ndizi, unga wa muhogo. Hakuna aliyeona ajabu. Tuliwaita watoto wetu, na wengi walikuwa watoto wetu kweli.

Baada ya mchezo kufungwa, Bahati alishinda nyumbani amenuna, akichora chini kwa kijiti. Mimi nikaona ni uvivu. Zamu yetu ilipofika, nikasema yeye ndiye atapeleka chakula. Kazi itamtoa televisheni kichwani.

Kwetu mke wa mwana habishani na baba mkwe. Siku ile mama yake alithubutu. Alipiga magoti.

"Papa, nakuomba, nitapeleka miye. Kule haiko pahali pa mutoto."

"Weye njo umemudekeza," nikamwambia. "Acha ajifunze kuwa mwanaume."

Bahati akaenda, akarudi. Tena akarudi anacheka, jambo ambalo hakulifanya tangu nimvute sikio. Walimpa nyama ya porini, wakamwita komanda mudogo. Nilifurahi! Zamu iliyofuata aliomba mwenyewe. Hata chakula cha majirani nilimwacha akibebe, nikijisifu kanisani kwamba mjukuu wangu ameacha upuuzi.

Halafu siku moja kikapu chetu kilirudishwa na mtoto wa jirani. Bahati hakurudi.

Nilipanda kule kwa miguu yangu mibovu. Mkubwa wao alinipokea kwa heshima, akanipa kiti.

"Muzee, mbona unalia? Ni weye njo ulikuwa unamutuma. Tulisema umetupatia yeye."

Niliinuka kwenye kiti chake. Nikashuka mlima.

Bahati nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kwenye kizuizi cha barabarani. Kamba imefungwa kati ya miti miwili, na yeye amesimama hapo, bunduki inamfika kifuani. Bunduki ya chuma!

"Turudi nyumbani," nikamwambia. "Mama yako analia."

"Koko, pita." Hakuniangalia.

Mwenzake akamtania: "Komanda, uyu muzee ni wako?"

"Simujue," akasema, akashusha kamba.

Nami nikapita. Nilikuwa na miguu ya kupita! Nilimweleza mama yake. Alifunga nguo zake, akarudi kwa ndugu zake huko Kashuga bila kuniaga. Ana haki.

Sasa chumba kingine cha michezo kimefunguliwa, na wazazi wamenijia tena wakitaka nisimame kwa chifu. Niliwaambia sijabadili mawazo: michezo ya kuuana si ya watoto wadogo. Fungeni. Lakini mkishamtoa mtoto mle ndani, mnampeleka wapi? Mimi sikujiuliza. Nilidhani kazi yangu imekwisha mlango ulipofungwa, kumbe ndipo ilipoanza.

Wazee wenzangu, na ninyi akina mama, sikieni aliyeungua. Mtume mtoto kuchota maji, mtume shambani, mtume sokoni. Usimtume kwa wenye silaha hata kama ni ndugu zako, hata kama ni zamu yako, hata kama kijiji kizima kinakusifu. Na akikaa tu bila kazi, amenuna, anachorachora chini, mwache akae! Mtoto anayekaa bure nyumbani, yuko nyumbani.