Ukuta wa Reino

Lorna Kivela hakuijua kompyuta wala hakuona haya kusema hivyo. Ila mumewe Reino alipofariki, theluji ikianza kuyeyuka, aliacha ngome yake ndani ya mchezo wa kompyuta, vijitu vyake vyenye ndevu vimekwama juu ya udongo unaovuja maji. Maisha yake yote alichimba chuma mgodini huko Minnesota, na jioni akirudi nyumbani bado anachimba! Lorna alikuwa akimcheka. Sasa alikalia kiti chake, amejiapiza kukifikisha kwenye mwamba mkavu, chini ya udongo huo, kile kijitu ambacho mzee alikipa jina lake mwenyewe.

Binti yao Aili alimwelekeza kwa simu. "Chimba kidogo, mama, halafu jenga ukuta papo hapo. Maji yanatokea ubavuni. Usiwe na pupa."

"Pupa alikuwa nayo baba yako. Mimi nimekulea wewe!"

Ngazi waliyoichimba vijitu ikashuka polepole. Vijitu vingine vilitangulia chini, kile chenye jina la Reino kikabaki nyuma kikiziba maji, na Lorna akikisifu kwa sauti huku mkate wa iliki ukimkaukia sahanini. Ukuta wa mwisho ulipokamilika, ngazi ilikuwa kavu kabisa. Akamtafuta fundi wake asimwone. Kumbe alisahau kumwambia asimame upande gani, naye alijenga akiwa upande wa maji, akajifungia humo.

Lorna aliusimamisha mchezo. Maji yalikuwa yamemfika Reino kifuani.

"Bomoa ukuta basi, atatoka," Aili alisema.

"Na maji yaende wapi?"

Aili akajibu, "Yatawashukia wale wa chini. Lakini mama, si mchezo tu huo? Zima, ukalale."

"Wale wa chini baba yako kawapa majina yenu. Wewe uko huko. Wanao wako huko."

Kwenye simu ikasikika sauti ya mtu anayelia na hataki asikike.

Siku Reino alipokata roho hospitalini, Lorna alikuwa ameteremka kununua kahawa. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Alitamani kuiacha picha ile imesimama hivyo hivyo, mumewe na maji yake kifuani, hata milele.

"Aili, usikate simu," alisema.

Akasogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta, akauruhusu mchezo uendelee bila kuubomoa ukuta, na safari hii hakutoka chumbani.